Kamati ya Joto la Bahari ya Sebuleni

Kwa heshima na taadhima nawatangazia wakazi wote wa Kilwa Kivinje, waliokaa na waliosimama, kwamba joto la bahari iliyomo sebuleni kwa Bwana Mratibu limedhibitiwa rasmi. Ile bahari nyingine, iliyoko nje, bado inajiendea tu bila kamati, na hatuna taarifa zake.

Mtoa tangazo ni mimi, Kidawa binti Dadi, Katibu wa Kamati ya Joto. Kabla ya hapo nilikuwa mpishi na mfagiaji wa nyumba hiyo hiyo, na kwa kweli bado ndimi. Ukatibu niliupata kwa sababu siku ya kikao cha kwanza ni mimi peke yangu niliyeshika kitu kinachofanana na kalamu. Kilikuwa kijiti cha mshikaki. Lakini darasa la saba nimemaliza, tena la enzi zile za kuchapwa kwa mwandiko mbaya, kwa hiyo muhtasari wangu unasomeka hata na adui.

Bwana Leonadi ni Mratibu wa Ofisi ya Uratibu wa Mambo ya Pwani. Ukimuuliza anaratibu nini, anakujibu anaratibu uratibu, na uso wake hautikisiki. Kwao ni bara. Alipohamia hapa alisimama ufukweni siku nzima na tai yake, akaitazama bahari, kisha akasema ni kubwa mno kusimamiwa na ofisi moja.

"Tena inakupwa," akalalamika. "Wageni wa makao makuu wakija saa mbaya wanaonyeshwa tope. Nani atatia saini ripoti yenye tope?"

Basi akabuni Mradi wa Kuisogeza Bahari Karibu na Mwananchi. Nyumba anayoishi ni jumba la Mjerumani, kuta nene, madirisha makubwa. Ukitoka mlango wa nyuma, hatua sitini umelowa magoti. Lakini hatua sitini ni hatua sitini, na mwananchi anachoka. Likaletwa tangi la kioo urefu wa kitanda cha futi sita, likawekwa sebuleni chini ya dirisha la mashariki ili wapita njia wayaone maendeleo. Ndani likatiwa maji ya bahari, mchanga, vipande vya matumbawe hai, na samaki kumi na wawili wa mwambani. Wawili kati yao walikuwa wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, wanadeka kama watoto wa tajiri.

Kila kiumbe kiliandikiwa barua ya uhamisho kutoka mwambani kwenda sebuleni. Sababu: mahitaji ya kazi. Barua nilizigonga muhuri mwenyewe, hata kabla sijawa Katibu. Samaki hawakukata rufaa.

Wageni wa makao makuu wangefika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Bwana Leonadi alijua, na sisi sote tulijua, kwamba wakikuta tangi zuri atapandishwa cheo, na wakikuta tangi bovu atapelekwa mahali ambapo hata jina lake halitajwi kwenye barua, unaambiwa tu "utaelekezwa".

Ijumaa nikipangusa kioo, nikaona matumbawe yameanza kupauka. Yale ya zambarau yamekuwa ya majivu, yale ya majivu yamekuwa meupe kama mfupa. Samaki nao wamepanda juu, wanahema midomo nje. Nikakunja mkono wa gauni, nikatia kiwiko majini. Mimi nimeogesha watoto wachanga wa mtaa huu miaka arobaini, na kiwiko hiki hakijawahi kumbabua mtu.

"Bwana," nikamwambia, "haya ni maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Samaki wako wanachemka pole pole."

"Bi Kidawa, hicho kiwiko kimehakikiwa?"

"Na nani?"

"Na mamlaka husika."

"Kimehakikiwa na ofisi yako yenyewe. Huyu Abilahi nimemwogesha mimi."

Abilahi ni Afisa Vifaa, mtu wa makamo, ana sharubu na mafaili. Alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama dari.

"Shikamoo, bibi," akasema taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa unalia sana."

Bwana Leonadi akainamia kioo, akatazama yale matumbawe meupe, akatabasamu. "Mimi naona yanatakata." Akaagiza iandikwe kwenye ripoti ya wiki kwamba usafi wa matumbawe umeongezeka kwa asilimia arobaini. Nikaandika. Jumamosi uliongezeka tena, ukafika sabini.

Jumapili samaki mmoja alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Tulimkuta analala ubavu, rangi imemtoka. Hapo ndipo Kamati ya Joto ilipoundwa, haraka sana, baada ya chai.

Wajumbe walikuwa wanne: Bwana Leonadi mwenyekiti, Abilahi wa vifaa, Yustina muuguzi wa zahanati kama mtaalamu, na mimi na kijiti changu. Yustina alikuja na kipimajoto cha wagonjwa, kile cha kutia kwapani. Akakitumbukiza, akasubiri, akakitoa. Zebaki imelala chini kabisa, haijatikisika.

"Hiki kinaanzia thelathini na tano," Yustina akaeleza. "Chini ya hapo hakihesabu. Mtu akiwa chini ya hapo hatumpimi, tunamtafutia sanda."

"Kwa hiyo kinasemaje?" mwenyekiti akauliza.

"Hakisemi kitu."

"Katibu, andika: maji hayana joto."

Nikaandika.

Yustina ni mtu wa haki. Kesho yake Jumatatu akaleta kipimajoto kingine, cha akiba, kile cha friji ya chanjo, ambacho kinasoma tangu kwenye barafu mpaka kwenye jua kali. Kikatumbukizwa. Kikasema thelathini na mbili.

"Wanatakiwa wawe ishirini na tano, ishirini na sita," Yustina akasema. "Ishirini na saba ndiyo mwisho. Nimesoma kwenye simu."

Kamati ikawa na mgogoro wa kitaalamu. Kipimo kimoja kinasema thelathini na mbili, kingine kimenyamaza. Bwana Leonadi hapendi ugomvi. Akasema serikali ni ya watu wote, na vipimo vyote viwili visikilizwe kwa usawa, tuchukue wastani. Sifuri na thelathini na mbili, gawa kwa mbili. Ikatoka kumi na sita.

"Kumi na sita!" akashtuka. "Hiyo ni baridi ya Makambako! Abilahi, ongeza taa."

Taa ikaongezwa. Samaki wa pili akastaafu kabla ya adhuhuri.

Nikaomba ruhusa ya kuzungumza, nikapewa dakika mbili. Nikasema: jua la asubuhi linapiga humu moja kwa moja, tufunge pazia. Taa ni jiko, tuzipunguze. Kifuniko kinabana mvuke kama sufuria ya wali, tukitoe. Na feni ipulize juu ya maji, kama unavyompulizia mtoto uji.

Kila hoja ilijadiliwa kwa kina. Pazia ni mali ya Kitengo cha Vifaa, na Abilahi akasema lilipokelewa kama pambo, si kama kizuizi cha jua, hivyo kulifunga kutabadilisha matumizi yake ya msingi. Taa zimo kwenye mchoro wa mradi. Kifuniko kina nembo ya ofisi. Feni ilikubaliwa, kwa sauti nne dhidi ya sifuri, nayo ikasaidia. Kufika jioni kipimo cha chanjo kikashuka nyuzi moja na nusu. Ila maji nayo yalipungua vidole viwili, maana feni inakausha. Bwana Leonadi akaagiza ndoo ya bahari iongezwe.

"Hapana, bwana," nikasema. "Kilichopaa ni maji, chumvi imebaki humo humo. Mchuzi ukikauka huongezi chumvi, unaongeza maji. Tia maji baridi ya kisima, kidogo kidogo."

"Bi Kidawa, hii ni bahari. Si mchuzi."

"Kwa namna wanavyohema, bado kidogo tu itakuwa mchuzi."

Jumanne asubuhi, jua lilipopiga tena, kikarudi thelathini na mbili, kikapita. Bwana Leonadi akaitisha kikao cha dharura. Katikati ya meza paliwekwa beseni la barafu na soda za wajumbe. Alikunywa yake, akaitazama ile barafu, akalitazama tangi, na hapo akapata wazo, ndivyo viongozi wanavyopata. Akatia saini agizo, na Abilahi akalitangaza mji mzima kwa bajaji yenye spika:

"Kuanzia leo barafu yote iliyomo Kivinje, ya mashine na ya mifuko, ya sokoni na ya majumbani, iwasilishwe sebuleni kwa Mratibu na kuhifadhiwa ndani ya tangi! Haitatolewa humo bila kibali cha Kamati! Agizo hili litadumu mpaka litenguliwe na kikao!"

Saa ile ile mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa teke. Alikuwa Kibibi, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Kibibi anauza samaki wabichi tangu ana meno yote.

"Wifi, huyo bwana wako kapatwa na nini?"

"Si bwana wangu, ni mwenyekiti wangu."

"Mwenyekiti wako! Mimi nina ndoo tatu za samaki changu, kesho naongeza ya nne. Harusi ya Kilwa Masoko Alhamisi jioni. Nimempa mama wa bibi harusi neno langu, kaniambia, 'Kibibi, nakutegemea wewe, wengine sitaki kuwasikia.' Sasa barafu inabebwa na bajaji! Nimpelekee nini? Ng'onda waliokaushwa juani?"

"Ng'onda si mbaya."

"Juu ya pilau la harusi? Wifi, nitaimbwa! Unawajua wanawake wa Masoko wakishika ngoma. Nitaimbwa mimi, utaimbwa na wewe uliyekaa jikoni kwa mwizi wa barafu."

Hilo la kuimbwa lilinigusa. Mtu unaweza kuhama mji, wimbo unakufuata na bodaboda. Na samaki wale ndio shamba la Kibibi. Hana mkorosho hata mmoja. Akishaharibikiwa kwa harusi moja, hakuna harusi ya pili.

"Niachie," nikamwambia. "Mimi ni Katibu."

"Katibu wa kijiti," akasema, akaondoka na kanga yake.

Jumatano barafu ikaanza kufika. Ya mashine kwenye magunia, ya majumbani kwenye mifuko ya nailoni, mingine ina rangi ya ubuyu. Bwana Leonadi akataka imwagwe yote kwa mpigo. Nikasimama mbele ya tangi na ufagio.

"Ukimwaga hivi unawaua mara mbili, kwa baridi ya ghafla na kwa kuwapotezea chumvi. Barafu itiwe kwenye chupa zilizofungwa, zielee moja moja, joto lishuke pole pole. Mtu akitoka juani humtupii gunia la barafu kichwani."

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka magharibi."

"Mimi nakwenda Masoko kuwapokea wageni, nitalala nao huko kwa sababu za kiitifaki." Akavaa koti. "Nikirudi kesho nataka nikute barafu yote ndani ya tangi. Yote! Sitaki maelezo."

Akaondoka. Saa saba mchana umeme nao ukaondoka.

Feni ikasimama. Pampu ya kuvuruga maji ikanyamaza. Kwenye tangi samaki kumi waliobaki wakapanga foleni juu ya maji, adabu kabisa, midomo wazi. Kipimo: thelathini na tatu, chupa za kwanza za barafu zimeyeyuka bila kufua dafu. Na pembeni, magunia ya barafu yanatiririka kwenye zulia, nami nina agizo lenye saini kwamba yote iingie humo.

Nikaitisha kikao. Akidi ilitimia: Yustina, Abilahi na mimi.

"Wajumbe," nikasema, "agizo linasema barafu yote iingie ndani ya tangi. Halijasema samaki wabaki. Napendekeza warudishwe kituo chao cha zamani. Sababu: mahitaji ya kazi."

"Bibi, nitafukuzwa!" Abilahi akasema.

"Mimi nilikuogesha, nikakusitiri, sijamwambia mtu ulivyokuwa."

"Bibi, hilo la kuniogesha litaisha lini?"

"Likiisha nitakutangazia kwa bajaji."

Yustina akaunga mkono hoja. Alasiri maji yalipojaa tukashuka na ndoo, hatua sitini, nilizihesabu. Hatukuwamwaga kama maji ya vyombo. Tulisimama mpaka mapajani tukawa tunaongeza bahari kwenye ndoo kikombe kwa kikombe, joto lizoeane na joto, kisha tukazilaza ndoo. Wakatoka. Mmoja wa wale wa chungwa akagoma, akawa anazunguka mguu wa Kibibi, ambaye alikuja kutucheka akajikuta ameshika ndoo.

"Huyu anasubiri posho ya uhamisho," Kibibi akasema. Akamsukuma kwa kidole. "Nenda, mwanangu. Hata watu wazima hawalipwi."

Matumbawe Abilahi aliyapeleka kwa mtumbwi mpaka mwambani, suruali ya ofisi imelowa mpaka kwenye mkanda. Aliporudi alikuwa anapiga mluzi. Sijawahi kumsikia.

Tukarudi, tukamwaga maji ya tangi uani, tukajaza barafu. Yote. Ikaenea, ikajipanga, ikang'aa. Kibibi akasogea akagonga kioo.

"Wifi, ile ya kona ni yangu. Ile yenye ubuyu."

"Haitoki bila kibali cha Kamati."

"Kamati si wewe?"

"Mwenyekiti hayupo. Barafu haitoki."

Akanitazama. Nikamtazama. Wifi yangu hajamaliza la saba, lakini kichwa chake hakihitaji kijiti.

"Basi," akasema, "kama barafu haiwezi kuja kwa samaki, samaki waifuate."

Nikalisoma agizo mara mbili, na miwani. Lilikataza barafu kutoka. Samaki kuingia halikugusa. Kabla ya magharibi changu wa Kibibi walikuwa wamelala humo safu kwa safu, na kabla ya adhana ya isha wenzake wa sokoni wamepata habari. Wakaja na vibua, na tasi, na mapande ya jodari, na pweza mmoja mkubwa aliyewekwa juu kama mgeni rasmi. Kila mwenye mali akafunga kitambaa chake. Kipimo cha chanjo: nyuzi mbili. Nikaandika kwenye muhtasari.

Alhamisi saa nne asubuhi magari mawili yakasimama nje. Tukamsikia Bwana Leonadi barazani akihutubia.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, sasa utaiona bahari kama hujawahi kuiona!"

Akafungua mlango.

Wanawake saba walikuwa kwenye makochi yake. Kibibi alikuwa juu ya zulia, anapaa magamba, mizani imening'inizwa kwenye ndoano ya pazia, ambalo hatimaye lilikuwa limefungwa. Pweza alikuwa anamtazama mwenye nyumba.

"Kidawa!" sauti ikamtoka nyembamba. "Samaki wangu wako wapi?"

"Wamehamishwa, Mwenyekiti. Mahitaji ya kazi."

"Na hawa?"

"Hawa ndio waliopo. Joto nyuzi mbili tangu jana, halikupanda halikushuka. Muhtasari huu hapa."

Mkurugenzi, Bi Salome, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembelea kweli, alikuwa ameshafika kwenye tangi. Akainua shavu la changu mmoja, akatazama wekundu wake. Akanusa.

"Nani amebuni hiki?"

Bwana Leonadi akafungua mdomo kunisingizia, nilimwona kabisa, kidole kimeshaanza kunyooka.

"Nauliza," Bi Salome akaendelea, "kwa sababu nazunguka pwani hii mwaka wa tatu, tangu kijiji cha Sudi, naonyeshwa mabango. Leo ndiyo mara ya kwanza naonyeshwa mradi wa samaki wenye samaki."

Kile kidole kikapinda katikati ya safari kikarudi kifuani kwake.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Wazo ni langu. Agizo nilitia saini mwenyewe."

"Ni kweli," nikasema, nikampa Bi Salome lile agizo, maana sisi ofisini tunatunza kumbukumbu. Akalisoma kwa sauti: barafu yote, sebuleni kwa Mratibu, haitatolewa, litadumu.

"Umewaachia akina mama sebule yako?"

"Nime..." Bwana Leonadi akatazama makochi. "Nimewaachia."

"Na feni yako?"

"Na... nayo."

Kibibi akapiga kigelegele. Wenzake wakakipokea, kikatoka dirishani kikaenda mjini, na mpaka kinarudi sebule ilikuwa si ya mtu tena. Bi Salome akaandika pale pale: Kituo cha Barafu cha Wanawake wa Kivinje, mwanzilishi Bwana Leonadi, Mratibu, asihamishwe, maana mtu kama huyu anatakiwa akae karibu na kazi yake.

"Wewe sasa utaishi wapi?" akamuuliza kwa huruma.

"Stoo ina dirisha, Mheshimiwa," nikasaidia.

Changu walifika Masoko wakiwa na macho maangavu kama ya bibi harusi. Kibibi aliimbwa kweli, lakini wimbo ulikuwa wa kumsifu, na mimi nimo kwenye ubeti wa pili. Wale kumi wa mwambani hawajaleta malalamiko.

Bwana Leonadi yuko stoo. Dirisha lake linatazama mashariki na halina pazia, kwa kuwa lile moja limeshabadilishwa matumizi ya msingi. Jana ameandika barua kwa Kamati, kupitia kwa Katibu, akiomba aruhusiwe kukaa karibu na tangi nusu saa kila siku kwa sababu stoo, anadai, ina joto la hatari.

Kamati imekaa. Dai lake halikupuuzwa, lilipimwa kitaalamu, kwa vipimo vyote viwili na kwa usawa. Cha chanjo kilisema thelathini na tatu. Cha wagonjwa, kilichoning'inizwa ukutani, hakikusema kitu. Tukachukua wastani, kwa utaratibu aliotufundisha mwenyewe.

Kumi na sita na nusu. Amejibiwa kwa maandishi kwamba Kamati inatambua baridi kali anayoipata, na imemtumia blanketi.